Ganzi ya kidevu isiyoisha: mwambie daktari kabla hujapigwa picha

Umewahi kuamka asubuhi ukahisi kidevu au mdomo wa chini umekufa ganzi, kana kwamba umetoka kung'olewa jino, wakati hujafika kwa daktari wa meno mwaka mzima?

Watu wengi hupuuza hali hii. Kuna wanaodhani ni baridi au jino bovu, na kuna wanaonunua dawa ya maumivu dukani na kuendelea na shughuli zao. Mara nyingi kweli si jambo kubwa na huisha lenyewe. Lakini ganzi inayokaa wiki baada ya wiki, hasa kwa mtu mwenye kidonda au uvimbe mdomoni, inaweza kuwa ishara kwamba saratani imeingia kwenye mshipa wa fahamu.

Katika safu ya wiki hii tutaangalia namna saratani ya kinywa inavyosafiri kwa kufuata mishipa ya fahamu, namna vipimo vya picha kama MRI na CT-Scan vinavyoweza kuifichua, na kwa nini maneno yako wewe mgonjwa ndiyo yanayomwonyesha daktari mahali pa kutazama.

Saratani ya kinywa huanzia wapi?

Saratani ya kinywa huweza kuanzia kwenye midomo, ulimi, ufizi, chini ya ulimi, upande wa ndani wa shavu au kwenye kaakaa. Zaidi ya asilimia 90 huanzia kwenye utando laini unaofunika sehemu hizo. Nyingine, ambazo ni chache, huanzia kwenye tezi ndogo za mate zilizotapakaa kinywani, hasa kwenye kaakaa.

Takwimu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), zinaonyesha kuwa mwaka 2022 karibu watu 390,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya midomo na kinywa, na zaidi ya 188,000 walifariki dunia kwa ugonjwa huo.

Kisababishi kikubwa ni tumbaku ya kila aina, iwe ya kuvuta kama sigara na kiko, au ya kuweka mdomoni kama ugoro na kuberi. Pombe nayo ni kisababishi, na hatari huongezeka zaidi kwa mtu anayetumia vyote viwili. Kwa wale wenye desturi ya kutafuna tambuu, ni vyema mkafahamu kuwa popoo peke yake, hata bila kuchanganywa na tumbaku, imethibitishwa kusababisha saratani. Jua kali huchangia saratani ya midomo, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa ndugu zetu wenye ualbino.

Njia ya siri kuelekea kwenye fuvu

Tumezoea kusikia kwamba saratani husambaa kwa kupitia damu au kwa kuvimbisha tezi za shingoni. Hilo ni kweli. Ila kwa saratani za kinywa ipo njia nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni mishipa ya fahamu.

Hisia za uso na kinywa chako hupita kwenye mshipa wa fahamu wa tano, kati ya jozi 12 zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo. Mshipa huu una matawi makuu matatu. La kwanza linahudumia paji la uso na eneo la jicho. La pili linahudumia shavu, mdomo wa juu, meno ya juu na kaakaa. La tatu linahudumia meno ya chini, mdomo wa chini, kidevu na sehemu ya mbele ya ulimi, pamoja na misuli ya kutafunia.

Tawi hilo la tatu lina kijitawi kinachopita ndani kabisa ya mfupa wa taya la chini, kama waya wa umeme ndani ya bomba. Huingia kwa nyuma ya taya, hupita chini ya mizizi ya magego, kisha hutokeza kwenye kitundu kidogo karibu na kidevu. Ndiyo maana daktari wa meno akikuchoma sindano ya ganzi kule nyuma, mdomo na kidevu navyo hufa ganzi ingawa hakuvigusa.

Sasa, seli za saratani ya ufizi, mdomo au ulimi zikifika kwenye mshipa wa namna hii, huweza kuufuata kama mtu anayefuata kichochoro. Kwa taya la chini, hupanda hadi kwenye tundu lenye umbo la yai lililo chini ya fuvu, na zikilivuka hukaribia ubongo. Kwa kaakaa, hupanda kupitia vitundu vya nyuma ya kaakaa hadi kwenye kijishimo kilicho nyuma ya taya la juu. Kijishimo hicho ni njia panda, kwani kutoka hapo zipo njia za kwenda kwenye jicho, puani na ndani ya fuvu.

Hili si jambo jipya kwa madaktari. Tangu karne ya 19 walikwisha kueleza saratani za uso na midomo zilizofuata mishipa ya fahamu. Ila wakati huo walizigundua kwenye upasuaji au baada ya mgonjwa kufariki. Kipimo cha MRI, kilichoanza kutumika hospitalini miaka ya 1980, ndicho kilichowezesha kuiona njia hiyo kwa uwazi mgonjwa akiwa hai na akiwa bado anaweza kusaidiwa.

Saratani zote za kinywa zinaweza kufanya hivi, lakini ipo aina moja ya saratani ya tezi za mate inayojulikana zaidi kwa tabia hiyo. Hukua taratibu, wakati mwingine kwa miaka, huku ikisafiri na mshipa. Mgonjwa huona kivimbe kidogo tu kwenye kaakaa, kumbe safari imekwishaanza zamani.

Kwa nini jambo hili ni zito?

Tuseme mama wa miaka 60 ana kidonda kwenye ufizi wa chini, kidogo kama punje ya kunde. Kwa macho kinaonekana ni kitu cha kukatwa na kuisha. Kinakatwa, jeraha linapona vizuri, familia inashukuru. Lakini miezi kadhaa kabla ya upasuaji, mama huyo alikuwa akihisi kidevu kimekufa ganzi, na hakumwambia mtu kwa sababu hakuona uhusiano wowote.

Ikiwa saratani ilikuwa imekwishaingia kwenye mshipa na kupanda, kukata kidonda pekee ni kama kukata shina na kuacha mizizi. Baadaye itajitokeza tena huko juu, karibu na fuvu, mahali ambapo upasuaji ni mgumu na mionzi inahitaji uangalifu mkubwa. Kama ingeonekana mapema, matibabu yangepangwa tofauti tangu siku ya kwanza.

Dalili za kusikiliza

Mshipa wa fahamu ukivamiwa huweza kujieleza kwa namna hizi:

- Ganzi ya kidevu, mdomo, shavu, ufizi, kaakaa au upande mmoja wa ulimi, isiyoisha au inayozidi kutanuka.
- Kuwashwa, kuchomachoma, au kuhisi kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi.
- Maumivu ya kuungua au ya kama shoti ya umeme usoni, au maumivu ya jino wakati daktari wa meno haoni tatizo kwenye jino.
- Misuli ya kutafunia kulegea, taya kwenda upande mmoja unapofungua kinywa, au upande mmoja wa uso kubonyea.
- Upande mmoja wa uso kupooza, jicho kushindwa kufumba au mdomo kwenda upande.
- Ulimi kwenda upande mmoja unapoutoa nje, au kuona vitu viwiliviwili.

Usiogope ukisoma orodha hii. Ganzi ina sababu nyingi. Ganzi ya sindano ya jino huisha ndani ya saa chache. Kung'oa gego la mwisho kunaweza kuujeruhi mshipa na kuacha ganzi kwa wiki au miezi. Kisukari, tutuko zosta, ukosefu wa baadhi ya vitamini na usaha kwenye taya navyo huweza kuleta ganzi au maumivu. Uso kupooza ghafla mara nyingi hutokana na tatizo lisilo la saratani na ambalo hupona. Ila ukiona uso umepooza ghafla pamoja na mkono au mguu kulegea, au maneno kutatizika, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kinachotakiwa kukushtua ni ganzi isiyo na sababu inayoeleweka, inayoendelea kwa zaidi ya wiki mbili, hasa ikiambatana na kidonda kisichopona, baka jeupe au jekundu mdomoni, jino linalocheza bila sababu, au uvimbe wa taya au shingo.

Pia fahamu upande wa pili: wapo wagonjwa, na si wachache, ambao mshipa wao umevamiwa na hawahisi chochote. Kwa hiyo kutokuwa na ganzi hakumaanishi kwamba kipimo cha picha hakina kazi.

Mzazi, zingatia haya kwa mtoto wako

Saratani ya kinywa ya aina tuliyoieleza ni nadra sana kwa watoto. Lakini mzazi wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kuijua ganzi ya kidevu.

Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alichapisha maelezo ya uvimbe wa mataya aliokuwa akiuona kwa watoto. Leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya chembe za kinga za mwili, inahusishwa na kirusi cha Epstein-Barr na malaria ya mara kwa mara, na huwapata zaidi watoto wadogo hadi wale wa shule ya msingi.

Uvimbe huu hukua kwa kasi ya ajabu. Unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache. Meno ya mtoto huanza kucheza kabla ya umri wake, ufizi huvimba, taya au shavu hutokeza, na wakati mwingine jicho husukumwa nje. Kidevu kufa ganzi ni mojawapo ya dalili zake, ila mtoto mdogo hawezi kukuambia "nina ganzi". Utamwona anajing'ata mdomo bila kulia, chakula au mate yanamtoka upande mmoja bila yeye kujua, au anakishikashika kidevu.

Mtoto wa namna hiyo hatakiwi kung'olewa meno yanayocheza na kurudishwa nyumbani. Anatakiwa kupelekwa hospitali kubwa haraka, ndani ya siku na si wiki. Habari njema ni kwamba limfoma hii husikia dawa za saratani vizuri, na watoto wengi hupona wakiwahi na kumaliza dozi.

Vipimo vya picha, kila kimoja na kazi yake

Wagonjwa wengi huuliza: "Nimeshapigwa picha ya meno, kwa nini natakiwa kupigwa nyingine?" Jibu ni kwamba kila kipimo kina jicho lake.

Eksirei ya taya zima, ile unayopigwa ukiwa umesimama huku mashine ikizunguka kichwa chako, huonyesha meno na mfupa. Inaweza kuonyesha taya lililoliwa, lakini mshipa wa fahamu wenyewe hauonekani.

Ultrasaundi hutumika zaidi kuangalia tezi za shingoni na kuongoza sindano ya kuchukua sampuli. Haiwezi kuona ndani ya mfupa wala chini ya fuvu.

CT-Scan hutumia mionzi ya eksirei na huonyesha mifupa kwa ubora mkubwa. Kwa habari ya mshipa, huonyesha kama tundu unalopita limepanuka au kingo zake zimeliwa, kwa kulinganisha upande wa kulia na wa kushoto. Tatizo ni kwamba tundu hupanuka baada ya mshipa kuvimba vya kutosha. CT-Scan ikisema mfupa ni mzima, haijathibitisha kwamba mshipa nao ni mzima.

MRI haitumii mionzi. Ni sumaku yenye nguvu kubwa. Ndicho kipimo bora zaidi cha kuangalia mshipa wa fahamu uliovamiwa, kwa sababu hutofautisha vizuri nyama, mafuta na mshipa.

PET-CT huonyesha mahali ambapo seli zinatumia sukari kwa wingi mwilini. Husaidia kujua kama saratani imefika mbali au imerudi, lakini kwa mshipa mwembamba inaweza isione. Kwa ukanda wetu iko katika vituo vichache.

Daktari anatafuta nini kwenye MRI?

Mahali mishipa ya fahamu inapotoka kwenye vitundu vya mifupa, Mungu ameizungushia mafuta kidogo. Kwenye aina moja ya picha za MRI mafuta hayo huonekana meupe. Daktari bingwa wa radiolojia hutazama kila kitundu, upande huu na ule. Akiona weupe upande mmoja, na upande wa pili weupe umepotea na kuwa kijivu, hapo anajua kuna kitu kimeingia.

Kisha unachomwa dawa yenye gadolini kwenye mshipa wa damu. Dawa hii huufanya mshipa wa fahamu wenye tatizo ung'ae. Kwa kuwa mafuta nayo ni meupe na yanaweza kuuficha, mashine huelekezwa kuyazima mafuta ili mshipa ubaki peke yake. Daktari huangalia kama umenenepa na kung'aa kuliko mwenzake wa upande wa pili.

Dalili ya tatu huonekana kwenye misuli. Msuli wa kutafunia ukikosa mawasiliano na mshipa wake, mwanzoni huvimba kidogo, na baadaye hunyauka na nafasi yake kuchukuliwa na mafuta. Daktari akiona msuli umenyauka upande mmoja, hurudi nyuma kuufuatilia mshipa hadi apate chanzo.

Anatakiwa kuufuata mshipa wote, kutoka kidondani hadi kwenye fuvu, bila kuishia katikati. Wakati mwingine kipande cha kati huonekana kizima kwenye picha huku juu yake kukiwa na ugonjwa.

Maneno yako yaandikwe kwenye fomu

Hapa ndipo wewe mgonjwa, au wewe unayemuuguza mzazi wako, una kazi ambayo hakuna mashine inayoweza kuifanya.

Daktari anayesoma picha mara nyingi hajakuona. Anasoma kilichoandikwa kwenye fomu ya kuomba kipimo. Mtaalamu anayeendesha mashine naye huchagua eneo la kupiga na aina ya picha kwa kufuata fomu hiyohiyo.

Linganisha fomu hizi mbili. Ya kwanza imeandikwa: "Saratani ya ufizi. Piga MRI." Ya pili imeandikwa: "Saratani ya ufizi wa chini kulia. Ganzi ya kidevu upande wa kulia, miezi miwili. Angalia mshipa wa taya hadi kwenye fuvu." Mgonjwa na mashine ni walewale. Lakini kwa fomu ya kwanza, picha inaweza kuishia chini ya taya na shingo, na mabadiliko madogo ya mshipa yakapita bila kuonekana. Kwa fomu ya pili, daktari ameonyeshwa mlango wa kugonga.

Sasa daktari wako ataandikaje habari ya ganzi kama hukumwambia? Wagonjwa wengi husema maumivu na kidonda, ganzi huiacha kwa sababu haiumi. Wengine huona haya kusema wanahisi sisimizi usoni wakidhani wataonekana wana matatizo ya akili. Usione haya. Kabla ya kwenda kliniki, simama mbele ya kioo. Gusa kwa pamba au ncha ya kitambaa kidevu, midomo, mashavu na paji la uso, kulia na kushoto. Andika kwenye karatasi: ni wapi hisia zimepungua, zilianza lini, zinatanuka au zimesimama. Mpe daktari karatasi hiyo, na umwombe kwa heshima aandike dalili hiyo kwenye fomu ya kipimo. Hutakuwa umemfundisha kazi, utakuwa umemsaidia.

Picha inabadili nini kwenye matibabu?

Kwanza, inambadilishia daktari wa upasuaji mpaka wa kukata. Anaweza kulazimika kuufuata mshipa na kuutoa hadi sehemu iliyo safi, au kuona kwamba ugonjwa umepanda mno na kwamba upasuaji si hatua ya kwanza.

Pili, inamwongoza daktari wa mionzi. Badala ya kulenga mahali palipokuwa na kidonda tu, anaweza kujumuisha njia yote ya mshipa hadi kwenye fuvu, huku akikwepa jicho na ubongo kadiri inavyowezekana.

Tatu, inakusaidia wewe na familia kujua ukweli mapema. Mshipa kuvamiwa huongeza uwezekano wa saratani kurudi, na si vyema kulificha hilo. Lakini haina maana kwamba tiba imeshindikana. Ina maana kwamba tiba inatakiwa kuwa kamili zaidi na ufuatiliaji kuwa wa karibu zaidi.

Mahali ambapo picha hushindwa

Picha si kila kitu. MRI haiwezi kuona seli chache zilizouzunguka mshipa mdogo sana. Hizo huonekana kwa hadubini tu, baada ya nyama iliyokatwa kupelekwa maabara. Ndiyo maana hata kama MRI ilikuwa safi, baada ya upasuaji uliza majibu ya maabara yamesema nini kuhusu mishipa ya fahamu. Yakisema imevamiwa, daktari anaweza kushauri mionzi hata kama kidonda kilitoka chote.

Kwa upande mwingine, mshipa unaweza kung'aa kwenye picha kwa sababu ya maambukizi, jeraha la kukatwa kinyama au upasuaji wa karibuni, na si saratani. Meno yaliyozibwa kwa madini na vyuma vya meno huharibu picha. Mgonjwa akitikisika au kumeza mate mara kwa mara, picha hufifia. Kwa hiyo ukiona ripoti imesema "haieleweki vizuri, rudia", usidhani unatapeliwa.

Na je, kama hospitali ya karibu haina MRI? Mashine hizi bado ziko zaidi kwenye hospitali kubwa za mijini. CT-Scan yenye dawa, ikipigwa hadi kwenye fuvu, ni bora kuliko kukosa vyote, na mara nyingi hutosha kumwonyesha daktari kama rufaa ya MRI ni ya lazima. Kwa Tanzania, wagonjwa wa saratani hupelekwa kwenye vituo kama Taasisi ya Saratani Ocean Road na Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Uliza mapema kuhusu gharama na bima yako inalipia nini. Usikae nyumbani miezi ukisubiri picha nzuri zaidi bila daktari kujua. Muulize kama matibabu yanaweza kuanza au la.

Jiandae hivi

Kipimo cha MRI huchukua kati ya dakika 30 na saa moja. Utalala ndani ya mashine iliyo kama bomba, na itagonga kwa kelele kubwa. Utapewa vya kuziba masikio na kitufe cha kubonyeza ukizidiwa. Kama unaogopa mahali pa kubana, sema mapema, usisubiri hadi umelazwa.

Mwambie mhudumu kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, vyuma mwilini kutokana na upasuaji, au kama umewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni, jambo linalowapata mafundi wa kuchomelea. Vua vito, pini za nywele, mkanda na meno ya bandia. Mwambie pia kama una ujauzito, una tatizo la figo au uliwahi kupata mzio wa dawa ya picha. Figo zinaweza kupimwa kwanza kabla ya kuchomwa dawa.

Mtoto mdogo anaweza kuhitaji dawa ya usingizi ili atulie. Fuata maelekezo ya muda wa kutomlisha. Hata uji au maziwa kidogo yanaweza kuwa hatari akiwa usingizini, na kipimo kikaahirishwa.

Beba picha zako zote za zamani, ziwe za filamu au za CD, pamoja na majibu ya maabara. Kulinganisha picha ya leo na ya mwaka jana kunaweza kumaliza mashaka ambayo picha moja haiwezi.

Maswali ya kumuuliza daktari

- Je, ganzi yangu imeandikwa kwenye fomu ya kipimo?
- Picha itafika hadi kwenye fuvu, au itaishia kwenye taya na shingo?
- Ripoti imesema chochote kuhusu mishipa ya fahamu?
- Majibu ya kinyama yamesema kama mishipa imevamiwa?
- Matokeo haya yanabadili vipi upasuaji au mionzi?
- Baada ya matibabu, nitapigwa picha nyingine lini ya kulinganishia?

Swali la mwisho ni la muhimu. Baada ya upasuaji au mionzi sura ya ndani hubadilika, hivyo picha ya miezi michache baada ya kumaliza matibabu huwa kipimo cha kulinganishia siku za usoni. Ganzi iliyoanza siku ya upasuaji inaweza kuwa ni matokeo ya mshipa kuguswa au kukatwa, na daktari atakueleza. Ganzi mpya, inayoanza au kutanuka baada ya miezi ya kuwa vizuri, ripoti mara moja hata kama tarehe yako ya kliniki bado.

Kinga ni bora

Acha tumbaku, iwe ya kuvuta, kunusa au kutafuna. Punguza pombe au iache kabisa. Achana na popoo. Jikinge na jua kwa kofia pana na mafuta ya kukinga jua, hasa kama una ualbino. Angalia kinywa chako mbele ya kioo kila mwezi: inua ulimi, vuta mashavu, tazama ufizi na kaakaa. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili kipeleke kwa daktari wa meno.

Na ukifika kwa daktari, usiishie kumwonyesha kidonda. Mwambie pia ni wapi umeacha kuhisi.